Mwaka wa Mkono wa Kushoto

Kwenye ngazi za ukumbi ule wa Kisutu viatu vilikuwa vingi kuliko watu, au ndivyo nilivyoona nilipotoka kutafuta vyangu. Tulikuwa tumemaliza kumwombea marehemu Madamu Hansa. Picha yake kubwa niliiacha ndani, imevishwa shada la maua ya manjano, na yeye amekunja uso kama alivyokuwa akikunja kila anapopigwa picha, maana miaka ya mwisho hakuwa anaiona hiyo kamera. Nilikuwa nimevaa nyeupe kama tulivyoelekezwa, gauni langu la Idi, na magoti yananiuma kwa kukaa chini muda mrefu. Basi nimeinama napekua viatu vya watu kama mwizi wa msikitini, nikasikia sauti nyuma yangu: "Vyako ni vile vya bluu. Bado unavaa viatu vya kiume." Sikuhitaji kugeuka. Ilikuwa sauti ya Somoe, na nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu husema moyo ndio unaoruka kwa mshtuko. Kwangu mimi kilichoshtuka ni mkono wa kushoto. Ulikufa ganzi kuanzia begani, na nilijua sababu yake, kwa kuwa mwaka mzima niliowahi kuishi na Somoe umekaa ndani ya mkono huo.

Tulikuwa na chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nyuma ya nyumba ya Bi Tatu, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa na Somoe amenizidi mwaka. Mchana tulikunja khanga na vitenge kwenye duka moja la jumla, na jioni tulirudi kwenye chumba hicho chenye kitanda kimoja cha futi nne, jiko la mchina chini ya dirisha, na ukuta wa mbao ambao haukufika darini. Kwa hiyo hatukuwa na siri na nyumba ile, na nyumba haikuwa na siri na sisi. Tulijua mpangaji wa chumba cha pili anamdanganya mchumba wake kwamba ana gari. Tulijua Bi Tatu anaswali huku akisikiliza nani anafungua mlango wa uani, kwa sababu akishatoa salamu tu ya mwisho anauliza, "Nani huyo ametoka na ndoo yangu?" Somoe alikuja mjini kutoka Lindi na begi moja na mpira mmoja wa soksi alioushona mwenyewe, umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilimcheka kwa ule mpira. Mtu mzima anasafiri na mpira wa rede, nikamwambia, wenzio wanakuja na korosho. Akanitupia pale pale nilipokaa, mpira ukanipita sikioni na kugonga ubao, na upande wa pili jirani akauliza kama tunapigana.

Rede wasichana wa pwani wote tumeicheza. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, na wa katikati anakwepa. Lakini Somoe hakuwa anacheza rede, alikuwa anaadhibu watu. Madamu Hansa alimwona akiwatupia watoto wa mtaa uchochoroni, siku aliyokuja dukani kwetu kununua khanga za kumpa dobi wake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mwanamke wa Kihindi mfupi, mwenye raba nyeupe chini ya sari, na chuoni alikosoma, huko nje, alijifunza softiboli, mchezo ambao wengi wetu tulidhani ni kriketi ya wasichana. Alikuwa ameunda timu ya mabinti wa mjini na kuwafanyisha mazoezi kwenye uwanja wa vumbi kule Jangwani, Jumamosi na Jumapili jioni. Alisimama mlangoni akisikiliza mpira unavyogonga ukuta. Nasema akisikiliza, ingawa siku ile nilidhani anaangalia. "Nani anatupa huyo?" akaniuliza. Nikamwambia ni mwenzangu. "Mlete Jumamosi. Na wewe uje, una miguu ya kusimama." Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, ila tulienda.

Somoe akawa mrushaji ndani ya wiki mbili. Mimi nilijaribiwa kila mahali na kila mahali nikashindwa, nikakimbia mipira badala ya kuikimbilia, mpaka Madamu akaamua kwamba nitakuwa mwamuzi. Masomo ya uamuzi tuliyafanyia kwake, ghorofa ya tatu Kisutu, siku za katikati ya wiki tukishafunga duka. Ngazi zilinukia ubani na jira iliyokaangwa. Sebuleni kulikuwa na pembea ya mbao iliyoning'inizwa kwa minyororo, kitu ambacho sikuwahi kukiona ndani ya nyumba ya mtu mzima, na alikaa juu yake akijisukuma taratibu kwa ncha ya mguu huku akinifundisha. Alinipa chai ya maziwa yenye tangawizi kali na chapati nyembamba za majani ya uwatu, nami nilikula nyingi kuliko heshima inavyoruhusu. Akishaondoa sahani anamwaga viungo kwenye sinia la chuma: hiliki ni mrushaji, dengu ni mpigaji, na karafuu iliyosimama nyuma ya hiliki ni mimi, kwa sababu hatukuwa na kinga ya uso, na mwamuzi asiye na kinga husimama nyuma ya mrushaji badala ya nyuma ya mdakaji, anayeupokea mpira mgongoni kwa mpigaji.

Hapo ndipo nilipojifunza mrusho batili. Softiboli hurushwa kwa chini, mkono ukipita kando ya nyonga, na mguu wa nyuma unaanzia kwenye kibao kilichofukiwa ardhini. Mguu huo ukishakisukuma kibao unaruhusiwa kukokotwa mbele, lakini kuurusha, kuukanyagisha upya na kusukuma mara ya pili ni haramu ya mchezo, kwa sababu mrushaji anakuwa amejiibia hatua nzima kumkaribia mpigaji. "Ukiona mguu umekanyaga mara mbili," Madamu alisema, "unanyoosha mkono wa kushoto, ngumi imefungwa, usawa wa bega. Husimamishi mchezo. Mpira unaachwa uende mpaka ufe wenyewe. Ukishakufa ndipo unamgeukia aliyekosewa, unamuuliza: unachukua adhabu au unachukua matokeo? Huenda katika mchezo ule ule amepata kitu kizuri zaidi ya adhabu. Kwa hiyo anachagua yeye, si wewe." Nikamuuliza, je, nikiona halafu nikawa na mashaka? "Una mashaka, nyamaza. Una hakika, nyoosha. Na iwe mara ya kwanza, mwanangu. Usingoje mpigaji alalamike, usingoje mechi kubwa. Ukimwachia leo, kesho mwili wake utajua ni sawa, na siku ukija kumwita, yaani kumtangazia kosa, utakuwa unamwonea." Nikasema nimeelewa, na kwa akili nilikuwa nimeelewa kweli.

Jambo moja hakunifundisha, nililisikia mwenyewe. Nilikuwa jikoni kwake naosha vikombe, naye yuko kwenye simu na ndugu yake, anachanganya Kigujarati na Kiswahili kama walivyozoea, na mara Kiswahili kikatoka chote kwa pamoja: daktari amesema mtoto wa jicho amekomaa macho yote mawili, ataendelea kungoja, kwa sasa watu anawaona kama nguo zilizoanikwa. "Mpira nausikia," akasema. "Miguu siioni tena. Ndiyo maana nimemchukua huyu binti, yeye ndiye atakayeniangalizia miguu." Nilisimama na kikombe mkononi, maji yanatiririka. Nilikuwa sijawahi kuaminiwa na mtu kwa kitu kikubwa namna hiyo, na mtu mwenyewe hajui kama nimesikia. Niliondoka pale natembea kwa adabu mpya, kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa kuhusu mkono. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake na sote tunaijua. Sikulelewa kumpa mtu kitu kwa kushoto, kumwonyesha mtu kwa kushoto, wala kumpungia. Dukani, wiki ya kwanza, nilimkabidhi mama mmoja khanga kwa mkono huo kwa haraka tu, akaiacha juu ya meza na kutoka bila kusema neno, na Somoe akanitania mwezi mzima. Mbele ya kioo cha Madamu niliunyoosha vizuri. Hata yeye alicheka, maana kwao pia ni vivyo hivyo. "Hapa humpi mtu kitu," akasema, "unaonyesha tu kwamba umeona." Lakini kioo hakina Bi Tatu ndani yake. Siku tulipocheza na mabinti wa Magomeni, wakati wa mvua za vuli, Bi Tatu alikuja Jangwani na mkeka na wenzake wanne wa chama cha kuzikana, wakakaa mbele kabisa, na wazee wa baraza la kahawa la mtaani kwetu wakajipanga nyuma yao. Walikuja kumwangalia Somoe. Mimi walikuja kunishangaa, mtoto wa kike amevaa kofia anaamua mechi.

Ilikuwa mwishoni kabisa. Mpigaji wa Magomeni alikuwa na straiki mbili, yaani mirusho miwili halali iliyompita, imebaki moja mchezo uishe. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekauka, na mimi nimesimama nyuma ya Somoe hatua chache. Akazungusha mkono, na nikaona vumbi likitimka mara mbili: kwenye kibao, kisha hatua nzima mbele yake. Nilikuwa nimeanza kuuona mruko huo tangu wiki iliyotangulia, nikijiambia labda, labda. Safari hii labda haikuwepo. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kupanda. Ulifika kiunoni, na hapo hapo nikaona uso wa Bi Tatu, mdomo umebana, macho kwenye mkono wangu, kama vile nimeingia chumbani kwake na viatu. Sikufikiri. Mkono wa kushoto ukashuka na wa kulia ukapanda badala yake, ngumi imefungwa, ukasimama hewani. Na mkono wa kulia, ngumi juu, katika mchezo ule maana yake ni moja: straiki. Mpira ulikuwa umepita juu, mpigaji ameuacha kwa akili zake. Akageuka kuniangalia. "Dada, ule si ulikuwa juu?" akasema kwa upole. Nikafungua kinywa nimjibu, Somoe akawa ameshanirukia shingoni, uwanja mzima umeingia katikati, na Bi Tatu anapiga vigelegele. Ningeweza kusema. Ilikuwa ni sentensi moja tu: samahani, nimekosea mkono. Sikuisema kwa sababu niliona aibu, na sina jina zuri zaidi la kulipa jambo hilo hata leo.

Jioni ile Somoe alinunua mishikaki na ndizi za kuchoma, tukala kitandani, sahani juu ya gazeti. Alikuwa anang'aa. "Nikwambie kitu, shoga," akasema. "Ule mguu wangu nilijua umeruka. Nikajisemea, leo Mwana ananiita tu, hana mchezo yule. Nikageuka, naona mkono uko juu. Nikasema kumbe ruksa." Mimi niliendelea kutafuna. Mwanaidi ndilo jina langu, na Mwana aliniita yeye peke yake. Nikamwambia, "Ila uupunguze kidogo." Akacheka. "Niupunguze wakati mwamuzi mwenyewe kanipa straiki? Acha zako." Upande wa pili wa ubao jirani akagonga kwa furaha, akasema na yeye ameona, dada wa Lindi ni noma. Nikanywa maji glasi nzima. Nilijiambia nitamweleza asubuhi, tukiwa wawili, bila jirani, bila mishikaki.

Asubuhi nyingi zilipita. Watu wanaopenda kusimulia makosa yao husema "sikujua." Mimi nilijua kila Jumamosi. Kila alipozungusha mkono nilitazama chini na vumbi likatimka mara mbili, na kila mara nilitafuta sababu ya kuuacha mkono wangu mfukoni: leo ni mazoezi tu, leo anaumwa tumbo, leo amepata habari mbaya za nyumbani. Zote zilikuwa sababu za kumhurumia, na nilimhurumia kweli, nilimpenda kuliko ndugu. Lakini huruma yangu ilikuwa inalala vizuri kwenye kitanda cha futi nne wakati yeye anazidi kuujenga mwili wake juu ya kosa. Kila nilipokaribia kusema, nilikuta siwezi kuutaja mguu bila kuutaja mkono. Ningeanzia wapi? Madamu aliniuliza mara mbili, akiwa kwenye pembea, macho yake yenye ukungu yameelekea kwenye sauti yangu. "Miguu ya Somoe ikoje?" Nikasema iko salama. Akasema, "Alhamdulillah," kwa kunitania, maana alipenda kutumia maneno yetu, na akaniongezea chai.

Kisha zikaja habari kwamba chuo kimoja cha michezo kingetuma watu kuangalia mabinti wetu. Walitaka kuchukua mmoja wa kumsomesha bure, awe mwalimu wa michezo, na Madamu alikuwa ameshawaandikia kuhusu mrushaji wake. Chumba chetu kilibadilika. Somoe alibandika karatasi ukutani yenye jina la chuo kwa herufi kubwa, akaanza kumwamkia Bi Tatu kwa sauti ya kiualimu. Hakuwa na mlango mwingine, na hilo nalisema wazi ili lieleweke. Shule aliiachia kidato cha pili, na duka lile la khanga lilikuwa dari yake. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kumtoa pale, na mkono huo ulitegemea mguu, na mguu huo nilikuwa nauona mimi peke yangu.

Walikuja Februari, joto la kuungua. Safari hii mwamuzi mkuu alikuwa wao, mwanaume mrefu mwenye kinga ya uso, akasimama nyuma ya mdakaji, na mimi nikawekwa kwenye besi, kituo cha wakimbiaji, kumsaidia. Mrusho wa kwanza wa Somoe, mkono wa kushoto wa yule bwana ukanyooka, ngumi imefungwa, usawa wa bega, bila haya na bila kelele. Wa pili, ukanyooka. Watu wetu hawakuelewa, wakadhani anajinyoosha. Wa tatu, wa nne. Somoe akasimama, akaniangalia, kisha akamwambia yule bwana kwa heshima kabisa, "Samahani, mwalimu. Mimi natupa hivi miezi yote hii. Muulizeni Mwanaidi pale, yeye mwenyewe huwa ananipa straiki." Yule bwana akavua kinga, akavuka uwanja mpaka niliposimama. "Binti," akaniuliza, "mguu wake unaruka au hauruki?" Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa refu: unaruka, umeruka tangu vuli, na kosa ni langu, mimi ndiye nimemfundisha hivyo kwa mkono wangu, mpeni wiki tatu atarekebisha. La pili lilikuwa neno moja. "Unaruka," nikasema, na nikaishia hapo.

Akaniuliza kama ni rafiki yangu. Nikasema tunakaa chumba kimoja. Akatikisa kichwa kwa kuniheshimu, akawageukia wenzake. "Mnaona? Huyu ndiye mwamuzi. Hana rafiki uwanjani." Nilisifiwa pale pale, jua la saa kumi linanichoma kisogo. Somoe alijaribu kurusha bila kuruka. Mwili ulikataa. Mpira ulikuwa unadondoka katikati ya njia, unajiviringisha mpaka kwa mdakaji kama chungwa lililotoka kwenye kikapu, na mabinti wa upande wa pili wakaanza kucheka, wakaacha kwa huruma. Kwenye mrusho wa kumi hivi alivua glavu, akaiweka juu ya kibao taratibu, akaondoka uwanjani bila kumtazama mtu. Hawakuchukua mrushaji mwaka ule. Wiki moja baadaye barua ilikuja kwa Madamu kwamba nafasi imepewa yule binti mwamuzi aliyesema kweli.

Nilienda kumwambia Madamu kwamba siitaki. Angalau hayo ndiyo niliyopanga njiani. Alikuwa ameshapika, wali wa choroko na mtindi, akanipakulia kwa mkono wake, akisikiliza kijiko ili ajue sahani imejaa. "Ulianza kuona lini?" akaniuliza. Nikasema tangu vuli. Nikamsimulia mkono, Bi Tatu, vigelegele, mishikaki, kila kitu, nikilia juu ya chakula cha watu. Pembea haikusogea. Mwisho akasema, "Basi kosa ni letu wawili. Mkono nilikufundisha. Aibu nilisahau kukufundisha." Akasema barua ile nikiikataa haitaenda kwa Somoe, itaenda kwa mtu nisiyemjua. Akaniagiza nikamweleze Somoe mwenyewe, siku hiyo hiyo, na nikaahidi. Nilipofika Mtaa wa Sikukuu nusu ya kitanda ilikuwa wazi. Begi halipo, karatasi ya ukutani imebanduliwa, mpira wa soksi haupo. Jirani akaniambia kupitia ubao kwamba dada alisikia habari za barua na ameondoka adhuhuri, hakusema anaenda wapi. Sikumtafuta vya kutosha. Kariakoo si kubwa hivyo kwa mtu anayetaka kweli kumwona mwenziwe, na mimi niliondoka kwenda chuoni, nikawa mwalimu, na mpaka leo natembea na filimbi shingoni kwenye shule moja ya Magomeni.

Hayo yote yalikuwa yamejaa kinywani mwangu pale kwenye ngazi za Kisutu, na kilichotoka ni, "Mambo, Somoe." Akasema, "Poa," akanisogezea viatu vyangu kwa mguu. Tulivuka barabara, tukaingia mgahawani, tukaagiza chai na kachori. Nywele zake mbele zimeingia mvi, na vidole vina rangi, nyekundu na kijani, isiyotoka kwa sabuni. Ana karakana yake Kariakoo, anachapa namba na majina kwenye jezi, na amewaajiri mabinti sita. Alikuwa anakuja kumsomea Madamu magazeti mara moja kwa mwezi, miaka yote hiyo. "Hakuniambia," nikasema. "Na mimi hakuniambia kwamba na wewe ulikuwa unakuja," akasema. "Alikuwa anasema tu, kuna mtu ana neno lako, siku akikupa lipokee." Nilisukuma kikombe. Nikamwambia, nikiwa nimekitazama kile kikombe: siku ile ya mabinti wa Magomeni sikukupa straiki. Nilikuwa nakuita. Nilikosea mkono, kwa kumwonea haya Bi Tatu, na baadaye nikaona haya kusema kwamba niliona haya.

Somoe aliirudisha kachori sahanini. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka na mwenye mgahawa akageuka, kisha kicheko kikaisha lakini machozi yakabaki. "Unajua mimi nilikuwa naamini nini?" akasema. "Kwamba ulikuwa unanibeba miezi yote ile, halafu walipokuja wageni na nafasi yao ukaniuza ili uende wewe. Nimekuchukia kwa hilo, Mwana. Nimekuchukia mpaka nikachoka. Kumbe ni mkono tu." Nikasema hapana, si mkono tu. Mkono ulikuwa wa sekunde moja. Kuanzia jioni ile ya mishikaki mpaka Februari nilikuwa na ulimi mzima kinywani, na uwanjani nilipoulizwa nilitoa nusu ya jibu, ile nusu iliyonifaa. Sikutaka aniachie kirahisi. Alijifuta macho kwa vidole vile vya rangi.

Tulitoka nje. Watu walikuwa wanatoka ofisini Posta, barabara imejaa. Kwenye kona ambapo yeye angeelekea Kariakoo na mimi Magomeni, alisimama. "Mpira ukishakufa," akasema, "aliyekosewa anaulizwa. Si ndivyo alivyokuwa anatufundisha yule bibi?" Nikasema ndivyo. "Mimi hujaniuliza." Nikafungua kinywa, akanizuia. "Si hivyo. Uliza kama inavyoulizwa." Nikaweka mkoba chini, katikati ya njia ya watu. Nikanyoosha mkono wa kushoto, ngumi imefungwa, usawa wa bega, mzee mmoja wa kanzu akalazimika kuuzunguka akiguna. Nikamuuliza Somoe: unachukua adhabu, au unachukua matokeo?

Alitazama ngumi yangu, akaangalia vidole vyake vya rangi, akatazama barabara ya kuelekea Kariakoo, ambako mabinti sita walikuwa wanamngoja afunge mlango. Nilidhani atachagua adhabu, na nilikuwa tayari, wallahi nilikuwa tayari. "Matokeo," akasema. "Adhabu utaipeleka wapi na magoti hayo." Akauvuta mkono wangu kidogo, kwa vidole viwili. "Haya, shusha sasa, Mwana. Watu wanatuangalia."

Sikuushusha. Niliuacha pale ulipo, mpaka alipokata kona.